Moshi Katikati ya Ziwa
Msomaji, mwenyeji wangu wa Kakuma, mzee wa Kisomali aliyemo kambini tangu 1992, mwaka ilipofunguliwa, alinikabidhi chupa tupu: "Niletee maji ya Ziwa Turkana, sheikh." Yeye kibali cha kutoka hana. Nikashukia Lodwar, nikafika Eliye penye mikoma kama ya kwetu, nikapanda mashua. Kisiwa cha Kati ni volkeno yenye viziwa 3 ndani. Mvuke hufuka nyufani ukinuka kiberiti, na mamba hutaga huko huko. Nilibarizi hadi alasiri, nikatawadha, nikasali mchangani. Raha iliyoje! Kesho yake mzee aliyaonja maji, akakunja uso, akacheka: "Kumbe yana magadi!" Lakini hakuyamwaga.