Kuna Hague Nyingine

Ukitaja Hague katika mgahawa wowote katikati ya Nairobi, wanaokusikia watafikiria ICC na kesi zilizotokana na ghasia za uchaguzi wa 2007. Mimi kila nikienda Mahakama ya Watoto ya Milimani huwaza Hague nyingine: mkataba uliopitishwa mji huohuo tarehe 25 Oktoba 1980, kuhusu watoto wanaotoroshwa na mzazi mmoja kwenda nchi ya mbali. Nchi zaidi ya 100 zimejiunga nao. Kenya haimo.

Wanaouhitaji tunaishi nao. Lavington na Kileleshwa kuna nyumba ambazo mama ni Mkenya na baba ni Mwingereza au Mhindi. Kangemi kuna baba ambaye mwenzake alikwenda ughaibuni na mtoto, na sasa simu haipokelewi. Wengi huja kwa wakili na hoja moja: mtoto ni wangu, mimi ni Mkenya, serikali yangu inisaidie. Hoja hiyo haina nguvu wanayoidhania. Ibara ya 53 ya Katiba inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au hawajaoana, na maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022 imesimama juu ya msingi huo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye pasipoti fulani ndiye mzazi zaidi.

Ugumu huanza mtoto akishavuka mpaka. Ipo kesi moja ambayo kila anayeshughulika na malezi ya watoto hapa jijini angefaa kuisoma. Baba, mkazi wa Nairobi, na mama, Mhindi, walishtakiana Delhi kwa miaka mingi juu ya mtoto wao. Tarehe 28 Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ya India ilimpa baba malezi, kwa masharti: aweke dhamana ya rupia milioni 10, na alete kutoka mahakama ya Kenya amri pacha, yaani amri ya hapa inayobeba haki zilezile alizopewa mama kule, ili mtoto akishafika Nairobi mama asibaki na karatasi isiyo na nguvu. Baba akapeleka amri, mtoto akaja. Muda si mrefu mama akarudi mahakamani akilalamika kwamba hapewi nafasi ya kuzungumza na mwanawe. Huku nyuma, Nairobi ikajengwa hoja kwamba hukumu ya India haina nguvu hapa, kwa kuwa India haimo katika orodha fupi ya nchi zinazotajwa na sheria yetu ya hukumu za kigeni. Oktoba 2021 majaji wa Delhi walisema wamefanyiwa ulaghai. Wakafuta uamuzi wao na kuiagiza serikali ya India, pamoja na ubalozi wake hapa Nairobi, imsaidie mama kumpata mtoto.

Hapo ndipo siasa inapoingilia mlango wa nyuma. Shauri la mume na mke limeishia mezani kwa wanadiplomasia, kwa sababu India nayo haimo katika mkataba wa 1980, na majaji wa pande mbili hawana njia rasmi ya kushikana mikono.

Siasa ikishaingia, mzazi husahaulika. Novemba 1999 mtoto Elián González aliokolewa baharini karibu na Florida. Mama yake alikuwa amezama wakitoroka Cuba. Baba yake alikuwa hai, anamtaka mwanawe. Swali la kisheria lilikuwa jepesi. Lakini Rais Castro wa Cuba aliitisha maandamano Havana, Wacuba wa Miami wakazingira nyumba alimokuwa akikaa mtoto, na wanasiasa wa Marekani wakaingia kwa sababu mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi. Maafisa wenye bunduki walimchukua alfajiri ya Aprili 22, 2000, na alirudi kwao Juni 28. Miezi saba, kwa mtoto wa miaka sita.

Mkataba wa Hague hauamui nani mzazi bora. Unasema mtoto aliye chini ya miaka 16, akiondolewa bila haki, arudishwe nchi alikokuwa akiishi, na mahakama ya huko ndiyo iamue malezi. Majaji wanatakiwa kujitahidi wamalize ndani ya wiki 6. Wapo akina mama wanaokimbia kipigo, na hofu yao ya kurudishwa kwa nguvu naichukulia kwa uzito. Ndiyo maana kifungu cha 13 kinamruhusu jaji kukataa pale panapokuwa na hatari kubwa kwa mtoto.

Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi zijiunge na mikataba ya aina hii. Njia ipo tangu sheria ya mikataba ya 2012: Baraza la Mawaziri, kisha Bunge la Taifa. Namwomba Mwanasheria Mkuu aupeleke huko mkataba wa 1980.

Na wewe mzazi mwenye wasiwasi leo, usingoje Bunge. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nenda Milimani uombe amri ya kumzuia asitolewe nchini, na nakala yake uifikishe kwa Idara ya Uhamiaji, Nyayo House, kabla ya siku ya safari.