Kupukutika na Kupukutishwa: Vipokezi vya Mauti katika Seli za Saratani

Neno apoptosisi liliingia katika elimu ya seli mwaka 1972, katika makala ya Kerr, Wyllie na Currie. Na aliyewapendekezea alikuwa James Cormack, profesa wa Kiyunani katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskochi. Kwa Kiyunani maana yake ni kuanguka kwa majani mtini. Kiswahili kina tamko lake tayari, nalo ni kupukutika. Lafaa kuliko "kujiua", ambalo huzipa seli nia zisizokuwa nayo.

Walakini seli hufa hivyo kwa njia mbili, na mnyambuliko wa kitenzi huzitenga barabara. Njia moja huanzia ndani, seli iharibikiwapo: huko ndiko kupukutika. Ya pili huanzia nje, kwa amri ya seli nyingine, aghalabu chembe nyeupe za damu: huko ni kupukutishwa. Amri hiyo hupokelewa na protini zilizopenya utando wa seli, ziitwazo vipokezi vya mauti. Mashuhuri miongoni mwake ni Fas, na vipokezi viwili vya mjumbe aitwaye TRAIL, yaani DR4 na DR5.

Mjumbe afikapo hukusanya vipokezi vitatu pamoja. Mikia yake iliyo ndani ya seli hukaribiana, ikashikwa na protini FADD, ambayo kazi yake ni ushenga tu: upande mmoja hushika kipokezi, upande wa pili huvuta kaspasi-8. Kaspasi ni vimeng'enya vikatavyo protini. Kaspasi-8 zikisongamana hukatana zenyewe kwa zenyewe, zikaamka, kisha zikaiamsha kaspasi-3, ambayo ndiyo ibomoayo nyumba. Katika seli nyingine amri huwa dhaifu, haina budi kupitia mitokondria ipate nguvu: kaspasi-8 hukata protini Bid, kipande chake husababisha utando wa mitokondria kutoboka, na saitokromu-c humwagika.

Seli za saratani mara nyingi zina vipokezi hivi. Shida iko ndani. Protini FLIP, ishabihiyo kaspasi-8 lakini haina makali, huketi mahali pake. XIAP huifunga kaspasi-3. Katika neuroblastoma, saratani ya neva ipatayo watoto, jeni ya kaspasi-8 yenyewe mara nyingi hunyamazishwa. Baya zaidi, amri iliyozuiwa huweza kugeuka: huamsha protini NF-kappa B, na seli iliyotakiwa kufa ikapewa sababu ya kuishi na kuenea. Hapo jina la "kipokezi cha mauti" halina ukweli wote. Ndiyo maana dawa zilizoundwa kugusa DR4 na DR5, zilizoua seli za saratani vyema maabarani, hazikuwaletea wagonjwa manufaa yaliyotarajiwa. Watafiti wengine sasa huziunganisha na dawa zinazoiga Smac, protini itokayo katika mitokondria iliyotoboka na kuiondoa XIAP juu ya kaspasi.