Maji Meupe Pe

Kila nikipanda Amani, huku milimani mkoani Tanga, hakosi mtu wa kunipeleka kwenye bomba la kijiji, akakinga glasi na kuiinua juani. "Mtaalamu, haya yanatoka msituni, meupe pe. Nayo tuyachemshe?" Ndiyo, yachemsheni. Nimechoka kulijibu swali hili huku watoto wanaendelea kuharisha.

Tumezoea kusema "maji safi na salama" upesi upesi mpaka maneno mawili yamekuwa moja. Usafi unauona, usalama huuoni. E. coli, bakteria wa utumbo wa watu na wanyama, ana urefu wa mikroni 2 hivi: mia tano wakipanga foleni ndipo wanafika milimita 1. Mililita moja yaweza kubeba bakteria milioni moja na glasi bado ikang'aa. Shirika la Afya Duniani linataka mililita 100 zisiwe na E. coli hata mmoja. Jicho lako litahesabu nini hapo? Maabarani tunazipitisha mililita hizo kwenye utando wa matundu ya mikroni 0.45, tunaulaza juu ya chakula cha bakteria, kwenye joto, usiku kucha. Asubuhi vidoa vimejitokeza, kila kimoja ni ukoo wa mdudu aliyekuwemo jana kwenye maji "meupe".

Msitu huchuja udongo, kweli, na kwa hilo tuulinde kwa nguvu zote. Lakini msituni kuna mbega na nyani, na kabla ya bomba lako kuna ng'ombe wa maziwa na vyoo vya shimo. Masika ikipiga, vyote vinateremkia mtoni. Maji ya Mto Zigi yakifika bwawa la Mabayani, watu wa Tanga mjini huyapata baada ya kusafishwa mtamboni. Wewe uliye juu unayanywa hivyo hivyo!

Mlonge je? Unga wa mbegu zake hushusha tope pamoja na bakteria wengi, si wote. Maji yakilala, waliobaki hula mabaki ya unga na kuzaana upya. Shabu nayo hutuliza tope. Hizo ni hatua za mwanzo tu.

Basi chemsha mpaka yatokote. Amani hutokota kwenye nyuzi 97 hivi, zinatosha. Kuni hakuna? Tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa, subiri nusu saa. Au anika chupa za plastiki zisizo na rangi juu ya bati, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Kisha ndoo yenye mfuniko na koki. Mtoto akichovya kikombe, rudia yote.