Baridi ya Mvua Milimani: Maandalizi ya Safari ya Miguu na Huduma kwa Aliyepoteza Joto la Mwili

Katika kata ya Kingerikiti, wilayani Nyasa, Aprili na Mei ni miezi ambayo mvua za msimu hukaribia ukingoni na baridi huanza kubisha hodi. Asubuhi huamka na ukungu uliolala mabondeni, manyunyu hufuata, na upepo wa kusi huvuma juu ya migongo ya milima. Watu hata hivyo hawaachi kutembea. Mkulima huenda shamba la kahawa lililo ng'ambo ya mlima, mwanafunzi huenda shule, mjamzito huenda kliniki, na mchuuzi wa samaki hupanda kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa akiwa na furushi lake la usipa.

Makala haya yanaeleza hatari moja inayomkabili msafiri wa namna hiyo, nayo ni kushuka kwa joto la mwili, hali ambayo kitabibu huitwa haipothemia. Wengi wetu tumezoea kuihesabu kuwa maradhi ya nchi za theluji. Ukweli ni kwamba mtu anaweza kufa kwa baridi mahali ambapo maji hayajawahi kuganda, ikiwa amelowa, anapigwa na upepo, amechoka na hajala.

Jinsi joto linavyopotea

Joto la ndani ya mwili wa binadamu ni nyuzi joto 37 hivi za Selsiasi. Likishuka chini ya 35, mtu ameingia katika haipothemia. Mwili hutengeneza joto kwa kutumia chakula na kazi ya misuli, na hulipoteza kwa kugusa vitu vya baridi, kwa kupulizwa na upepo, kwa kuliachia lisambae hewani, na kwa kukausha maji yaliyo juu ya ngozi.

Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Vazi kavu hukinga baridi kwa sababu limeshikilia hewa ndani ya nyuzi zake. Likilowa, hewa hiyo hutoka na maji huchukua nafasi yake. Kanga, fulana na suruali za pamba ni mavazi mazuri ya joto la mwambao, lakini zikilowa milimani hugandamana na ngozi na kunyonya joto mpaka zikauke.

Mwinuko nao una hesabu yake. Uso wa Ziwa Nyasa upo mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali milima ya Umatengo hupanda kupita mita 1,300, na baadhi ya sehemu hukaribia mita 2,000. Kwa wastani hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Anayeondoka ufukweni kukiwa na nyuzi 24 anaweza kukuta nyuzi 15 juu kabisa, kabla hajahesabu mvua na upepo. Kwa hiyo asichague mavazi kwa kuangalia hali ya hewa ya mahali anapoanzia.

Jambo la mwisho huwapita wengi. Wakati wa kupanda, misuli hufanya kazi kubwa na msafiri husikia joto, hata akatokwa jasho. Akifika juu hukaa apumzike. Joto la misuli hupungua ghafla, lakini nguo bado zimelowa jasho na mvua, na upepo wa kilele unampuliza. Hatari kubwa mara nyingi huanzia hapo, pale anapodhani kuwa kazi ngumu imekwisha.

Maandalizi kabla ya kuondoka

Msafiri avae nguo kwa tabaka. Ya ndani iwe nyepesi na isiyoshika maji. Jezi ya michezo hufaa kuliko fulana ya pamba. Ya kati iwe sweta la sufu au la nyuzi za viwandani, ambalo hupatikana kwa bei nafuu katika mitumba na huendelea kutunza joto kiasi hata likiwa na unyevu. Ya nje izuie mvua na upepo. Asiye na koti la mvua anaweza kutumia karatasi kubwa ya nailoni iliyotobolewa nafasi ya kichwa. Kofia ni ya lazima. Wakati wa kupanda apunguze tabaka moja kabla jasho halijaanza kumtoka, na alirudishe mara tu anaposimama.

Achukue seti moja ya nguo kavu, pamoja na soksi na shuka au kitenge kizito, aifunge ndani ya mfuko wa nailoni usioingiza maji na asiiguse mpaka atakapoihitaji. Katika mzigo wote, mfuko huo ndio unaoweza kuokoa maisha.

Ale kabla ya kuondoka, na abebe chakula kinacholika huku akitembea: viazi vilivyochemshwa, ndizi, karanga, sukari au miwa. Mwili usio na chakula hauna kuni za kujipashia joto. Maji ya kunywa yasisahaulike kwa sababu ya baridi.

Aondoke mapema, kwa maana giza huingia muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na katika ukungu huonekana kuingia mapema zaidi. Amwambie mtu njia atakayopita na saa anayotarajia kufika. Asitembee peke yake ikiwezekana, na asivuke mto uliofurika. Akiona hali ya hewa imebadilika na safari bado ni ndefu, kurudi si aibu.

Watoto wadogo, wazee, wajawazito, wenye kisukari, wenye utapiamlo na wanaotoka katika ugonjwa hupoteza joto haraka kuliko wengine. Safari yao ikiweza kungoja siku kavu, ingoje. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni katika mvua, kwani mama hawezi kumwona wala kujua kama amelowa. Akae kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia na nepi kavu, na nguo za mama pamoja na koti la mvua zimfunike, uso wake ukiachwa wazi apumue.

Dalili za kutambua

Dalili ya kwanza ni kutetemeka. Hufuata dalili za mikono na ulimi: mtu hushindwa kufunga kifungo, huangusha vitu, hujikwaa, husema kwa kukokota maneno, hununa au hujitenga na wenzake. Mwambie aguse kidole kidogo kwa kidole gumba cha mkono uleule, au atembee hatua kumi katika mstari ulionyooka. Akishindwa, safari ikome hapo na huduma ianze.

Joto likishuka chini ya nyuzi 32 hivi, kutetemeka hukoma. Wenzake huweza kufurahi wakidhani amepata nafuu, kumbe mwili umeishiwa nguvu za kujipasha. Huchanganyikiwa, husinzia, na wakati mwingine huvua nguo akisema anaungua. Wapo wanaomdhania amelewa au amerogwa, na wakati wa kumwokoa hupotea. Msafiri aliyelowa, anayeyumba na kusema maneno yasiyoeleweka milimani, achukuliwe kuwa amepoteza joto mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Huduma ya kwanza njiani

Mwondoe katika upepo na mvua. Mlaze juu ya majani makavu, mzigo au nguo, kwa sababu ardhi nayo hunyonya joto. Mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mvishe zile kavu, mfunike kichwa, kisha mzungushie nailoni kwa nje. Ikiwa hakuna nguo kavu, mzungushie nailoni hivyohivyo alivyo. Mwenzake aliye mkavu anaweza kulala naye ndani ya shuka moja ili ampe joto.

Akiwa macho na anameza vizuri, mpe uji au chai ya moto kiasi yenye sukari nyingi. Usimpe pombe. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Mnywaji husikia joto, lakini joto lenyewe linatoka nje ya mwili.

Usimsugue mikono na miguu, wala usimweke karibu na moto mkali wa mafiga. Mwaka 1812, jeshi la Napoleon lilipokuwa likirudi kutoka Moscow, daktari wake wa upasuaji Dominique-Jean Larrey aliona kuwa askari waliopoa sana na kuwekwa karibu na moto ndio waliokufa. Ngozi ikipashwa ghafla, mishipa yake hupanuka, shinikizo la damu hushuka, na damu baridi ya miguuni na mikononi hurudi moyoni. Isitoshe, ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Moto upashe chumba, na mgonjwa akae mbali nao akiwa amefunikwa. Chupa za maji ya moto zifungwe kwa kitambaa na ziwekwe kifuani na kwapani.

Anayetetemeka lakini yu timamu apumzike angalau nusu saa, ale na akauke, kabla ya kutembezwa. Aliyechanganyikiwa asitembezwe kabisa. Abebwe kwa machela akiwa amelala, bila kutikiswa, kwa kuwa moyo uliopoa huweza kupoteza mapigo yake kwa mshtuko mdogo.

Kwa mhudumu wa zahanati na kituo cha afya

Katika mkoa wenye malaria, mtu anayetetemeka hufikiriwa kwanza kuwa na malaria. Mpime joto kabla ya kuamua. Anayetetemeka kwa malaria kwa kawaida joto lake linapanda. Aliyepoa joto lake liko chini. Vipimajoto vingi vya kawaida havisomi chini ya nyuzi 35 au 32, kwa hiyo kipimo kilichogoma kupanda kisihesabiwe kuwa ni cha mtu mzima wa afya. Gusa tumbo au kifua: kikiwa cha baridi, tibu haipothemia. Fanya hata hivyo kipimo cha haraka cha malaria, na pima sukari ya damu, kwani sukari iliyoshuka na joto lililoshuka hutembea pamoja, hasa kwa mtoto mwenye utapiamlo. Kwa mtoto mchanga, joto lililo chini ya nyuzi 36.5 linahitaji hatua.

Maji ya mshipani yapashwe mpaka kati ya nyuzi 38 na 42 kabla ya kuwekwa. Kwa aliyezimia, tafuta pumzi na mapigo kwa dakika nzima, maana huwa hafifu na ya polepole. Usipoyapata, anza kumfufua na uendelee wakati wa rufaa. Aliyepoa sana huweza kuonekana maiti naye yu hai. Isipokuwa kama ana jeraha lisiloacha shaka, asitangazwe kuwa amefariki kabla hajapashwa joto.

Inashauriwa mafunzo haya yaingizwe katika mazungumzo ya kliniki ya mama na mtoto kuanzia mwezi Machi. Mama anayeteremka kutoka kliniki kurudi kijijini, akijua kumhamishia mtoto kifuani na kubeba mfuko mmoja wa nguo kavu, amekwisha kukinga sehemu kubwa ya hatari iliyoelezwa hapa.