Utelezi wa Mawe ya Mtoni

Utelezi unaofunika mawe ya mtoni ni jamii nzima ya viumbe. Mna mwani wa aina nyingi, hasa diatomu: kila moja ni seli moja iliyojijengea gamba la silika lenye nakshi zinazoonekana kwa hadubini tu. Konokono na mabuu ya wadudu hujilisha hapo, na samaki hula mabuu.

Kusini-magharibi mwa Ufaransa, kijito cha Riou-Mort hupita karibu na Viviez, mji ulioanza kuyeyusha zinki tangu karne ya 19, kisha huingia Mto Lot. Taka za kiwanda zilikijaza zinki na kadimiamu. Watafiti walilinganisha utelezi wa juu ya eneo lililochafuliwa na ule wa chini yake. Huko chini, spishi nyeti zilikuwa zimepungua, zikachukuliwa nafasi na spishi ndogo, sugu, kama Eolimna minima. Baadhi ya magamba yalikuwa yamepinda na nakshi zake kuvurugika.

Kadimiamu inafanana na kalsiamu kiasi cha kupenya kwenye seli kwa njia zilezile. Ikishaingia huvishika vimeng'enya na kuvizuia kufanya kazi, na usanisinuru hudorora. Kwa kuwa kalsiamu hushindana nayo mlangoni, kipimo kilekile hudhuru zaidi mto wa maji laini kuliko wenye chokaa nyingi. Zinki na shaba, kwa upande wao, mwani huzihitaji, ila kwa kiasi kidogo mno. Zikizidi ni sumu.

Kinachonitia hofu ni kwamba mawe ya chini bado yana utelezi. Ukisimama ukingoni utasema mto u mzima, kumbe waliobaki ni wale wanaostahimili sumu, tena huilimbikiza, na konokono humeza yote. Kadimiamu ya Riou-Mort ilichukuliwa na maji hadi Gironde, karibu na bahari, ambako chaza walijaa metali hiyo hata ikakatazwa kuwavuna kwa chakula.

Kwa hiyo kupima chupa ya maji peke yake hakutoshi. Maji ya asubuhi hii yanaweza kuwa safi kwa sababu tu jana hakuna aliyemwaga kitu. Utelezi umekuwa pale kwa wiki kadhaa. Hata mito inayopokea maji ya migodi ya shaba karibu na Likasi, Kongo, inaweza kuchunguzwa hivi kwa mswaki wa kukwangulia jiwe, asidi ya kusafishia magamba, hadubini, na mtu anayezijua spishi za mto ule. Huyo wa mwisho ndiye adimu, na ndiye ningependa asomeshwe kwanza.