Je, Wajua? Utepe Ujaao Kabla ya Kiasi Chake
Je, wajua ya kuwa utepe wa sumaku wa kuhifadhia data, wa aina ya LTO-8, unaonadiwa kuwa wa terabaiti 30, kwa hakika hauna nafasi ila ya terabaiti 12, na kwamba ziada hiyo yote ni makadirio yaliyojengwa juu ya dhana kuwa mtambo wa kuandikia utepe utaibana data hata ipungue mara mbili na nusu? Maandishi matupu na daftari za hesabu hubanika kwa wepesi. Lakini picha za JPEG, filamu, na data iliyokwisha kufumbwa kwa siri hazina tena cha kupunguzwa, hata utepe ukajaa mapema na mtunza nakala, maskini, akadhani mtambo umeharibika. Na atazame kwanza aina ya mafaili yake. Na akitaka kuyafumba, ayabane kabla ya kuyafumba.