Neno la Kijana Aliyefoka

Leo, wajukuu zangu, hadithi yangu haina sungura wala fisi. Ina dumu la maji.

Mnajua Handeni ilivyo kavu. Maji ya kule yanatoka mbali, yanasukumwa kwa mabomba kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, katika mradi ambao wazee wote wanauita HTM. Sasa tuseme bomba limefika kijijini kwetu, na pesa zinatosha vituo viwili tu vya kuchotea. Viwekwe wapi? Mwenye duka anataka barabarani. Mzee mmoja anataka kwake mlimani. Mama wa kitongoji cha mwisho, ambaye hutoka na ndoo kabla ya jogoo, anataka kwao. Basi unaitishwa mkutano mkuu wa kijiji.

Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kukaa pale. Mkutano huo umo katika sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982. Mwenyekiti, aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe, anaongoza. Mtendaji anaandika muhtasari.

Kijana mmoja anasimama, anafoka: "Yule mzee mwizi! Na kituo kikiwekwa kwake mlimani, maji hayatapanda!" Kelele zinalipuka. Akae chini! Atoke! Mwenyekiti ananyoosha mkono mpaka watu wanatulia. "Mwanangu, neno la wizi liondoe. Kama una ushahidi, upeleke panapohusika. La mlima lirudie polepole, mtendaji aliandike."

Mmeona? Tusi limetoka, hoja imebaki. Nimekaa mikutano mingi, na hapo ndipo nimewaona viongozi wakishindwa: wanamkalisha mkali, na neno lake la maana linakaa naye. Kisha mwenyekiti wetu anageukia nyuma, walikoketi kina mama. "Ninyi ndio wachotaji. Hatufungi kikao hamjasema."

Serikali nayo huuliza nchi nzima. Mwaka 2012 Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilikusanya maoni kwa mikutano, barua, ujumbe wa simu na intaneti. Dira ya Maendeleo ya 2050 nayo ilipokea maoni kwa simu na tovuti. Ni jambo jema: mtu wa Mombo anasema bila nauli ya kwenda Dodoma. Lakini simu haina mwenyekiti wa kunyoosha mkono. Mmoja anaweza kutuma neno lilelile mara mia kwa majina mia. Mwingine anatukana akiwa amejificha. Lazima wawepo watu wa kusoma na kuchambua.

Hao watu ni nani? Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Kijijini ukinyamazishwa unamjua aliyekunyamazisha, unaweza kumuuliza kesho yake njiani. Maoni yako ya simu yakifutwa, utamuuliza nani? Mimi nasema wachambuzi watoke miongoni mwa wananchi, wajulikane, kanuni zao zitangazwe mapema kwa Kiswahili cha kila mtu, na anayefutiwa neno aambiwe sababu.

Wala wasifute neno kwa kuwa lina wafuasi wachache. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iwaulize Watanzania: tubaki na chama kimoja, au tuwe na vingi? Karibu watu 8 katika kila 10 walijibu kimoja. Tume haikuwatupa wale wawili. Iliandika hoja zao, ikazipima, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Hamjafika umri wa kupiga kura, lakini masikio mnayo. Ukiitishwa mwingine, nendeni mkasimame pembeni, mmtazame mwenyekiti anavyomshughulikia yule anayefoka.